Mwisho Usio na Tarehe: Utabiri, Wimbo na Saburi katika Fasihi Simulizi ya Kisii na Nyamira

Uhakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya umezoea kuupita wimbo wa kanisani bila kuubishia hodi. Nyimbo za jando, za harusi, za kazi, za matanga na za siasa zimekusanywa, zikaainishwa na kufasiriwa; wimbo wa kwaya uhusuo siku za mwisho umeachiwa waumini na wachungaji wao. Sababu mbili hutolewa, aghalabu kwa ufupi. Ya kwanza ni kwamba wimbo huo si wa jadi, bali uliletwa na wamisionari pamoja na kinanda na noti zake. Ya pili ina uzito zaidi: kwamba fasihi inayomwelekeza mkulima maskini atazame mawinguni ni kasumba, nayo humwondolea ari ya kuibadili hali yake. Tangu Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na hatimaye kupatikana miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuhimizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, sababu hiyo ya pili imepata nguvu mpya. Lugha ya mwisho wa dunia haishukiwi tena kwamba inalaza tu. Inashukiwa kwamba inaua.

Makala haya hayakusudii kuifuta shaka hiyo. Yanakusudia kuonyesha kwamba lugha ya mwisho wa dunia si utanzu mmoja, na kwamba mhakiki asiyezitenganisha aina zake atazihukumu zote kwa kosa la moja. Nyanda za juu za Kisii na Nyamira zinafaa uchunguzi wa namna hii kwa kuwa maneno ya aina hiyo yamesemwa huko kwa zaidi ya karne moja: utabiri wa Sakawa, ibada ya Mumbo, na baadaye mahubiri na nyimbo za Waadventista Wasabato. Kigezo kitakachotumika ni kimoja. Je, matini inamtaka msikilizaji afanye nini katika muda ulio kati ya leo na mwisho unaotangazwa? Muda huo utaitwa hapa muda wa kati.

Sakawa, Mumbo na mwisho ulio karibu mno

Masimulizi yanamweleza Sakawa kuwa nabii wa Kitutu aliyewachukua watu hadi Getembe, mahali ulipo mji wa Kisii leo, akawaonyesha kwa kidole: hapa patakuwa na ofisi, hapa watakaa askari, hapa patakuwa na hospitali. Inasimuliwa pia kwamba alitabiri kuja kwa wageni weupe, na kuondoka kwao. Simulizi hii, kama zilivyo nyingi za unabii, imetufikia kutoka vinywani mwa watu waliokwisha kuyaona yaliyotabiriwa, na mwanahistoria ana haki ya kuitilia shaka. Kwa mhakiki wa fasihi shaka hiyo si mwisho wa kazi. Kinachostahili kuangaliwa ni mbinu. Mtambaji hasemi habari za mbingu wala za wakati, anachora ramani. Msikilizaji anayeujua mji anaweza kuitembea hadithi kwa miguu yake na kuithibitisha kona kwa kona. Humo mna kinaya kikubwa: serikali ya kikoloni, iliyodhani inajenga mji kwa amri yake yenyewe, inageuzwa kuwa fundi anayefuata mchoro wa mzee wa Kigusii. Aliyeshinda kwa bunduki amefanywa mtimizaji wa neno la aliyeshindwa.

Lakini utabiri wa Sakawa una nusu ya pili, nayo ni kuondoka kwa wageni, na hiyo haikuwa na ramani. Januari 1908 Otenyo, akichochewa na Muraa, mwanamke ambaye naye anakumbukwa kama mwonaji, alimchoma mkuki Mkuu wa Wilaya, Northcote. (Northcote alipona, akaishi hata akawa Gavana wa Hong Kong, masimulizi hayana haja naye baada ya mkuki.) Jeshi lilijibu kwa kuchoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Septemba 1914 Wajerumani walipofika Kisii na maofisa Waingereza wakaukimbia mji kwa muda mfupi, watu wengi waliona nusu ya pili inatimia. Ofisi za serikali ziliporwa, na vituo vya misheni vya Nyanchwa na Nyabururu vikaporwa pia. Si kila aliyebeba mzigo siku hiyo alikuwa amemsikia nabii. Tamaa ya kawaida ina nafasi yake katika historia. Waingereza walirudi, na malipo yakatozwa kwa mifugo.

Ibada ya Mumbo iliingia katika pengo hilo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1913 Onyango Dunde, Mjaluo wa Alego, alimezwa na nyoka mkubwa wa Ziwa Viktoria, akatapikwa, akapewa ujumbe. Wazungu wangetoweka, dini yao ilikuwa imeoza, na wafuasi wangeweza kuchinja mifugo yao kadiri wapendavyo, kwani Mumbo angewatolea mingine kutoka ziwani. Ujumbe huo ulipofika Ugusii uliungana na jina la Sakawa, ambaye kurudi kwake kulisubiriwa, na Bonairiri, anayetajwa kuwa mjane wake, akawa miongoni mwa sauti zake. Mwaka 1921 serikali iliwahamishia viongozi kadhaa Lamu.

Wanahistoria wamebishana sana juu ya maana ya Mumbo. Ogot na Ochieng waliiona kuwa harakati dhidi ya ukoloni. Audrey Wipper akaiweka miongoni mwa maasi ya mashambani. Brett Shadle akasisitiza mahusiano ya walezi na wafuasi wao, yaani nani alitafuta ulinzi kwa nani. Wote wanauliza wafuasi walitaka nini. Mhakiki wa fasihi anauliza neno lenyewe lilifanya nini, na katika ujumbe wa Mumbo kitenzi kinachobeba uzito ni kuchinja. Ng'ombe ndiye akiba, ndiye mahari ya kijana, ndiye mwaka ujao. Anayeambiwa amchinje leo kwa sababu kesho kuna wengine ziwani ameambiwa kwamba muda wa kati haupo. Kwa mtazamo huu Mumbo na Shakahola, ambazo juu juu zinaonekana kinyume, ni ndugu: mmoja anasema kula chote, mwingine anasema usile chochote, na wote wawili wanaila kesho.

Kanisa lililozaliwa na tarehe

Uadventista ulifika kusini mwa Nyanza mwaka 1906, Arthur Carscallen alipoweka kituo Gendia, karibu na Kendu Bay, akiwa na Peter Nyambo wa Nyasaland. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ulikuwa umekwisha kufika Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii. Ni dini ambayo yenyewe ilizaliwa na tarehe iliyopita bila tukio: 22 Oktoba 1844, siku ambayo wafuasi wa William Miller huko Marekani walimngoja Kristo na asije. Waliobaki hawakuiacha hesabu, ile ya miaka 2,300 inayoanzia mwaka 457 kabla ya Kristo. Waliifasiri upya kuwa inahusu kazi ya mbinguni, wakakataa kupanga siku nyingine. Kwa hiyo waliofika Gendia walileta mafundisho ya mwisho yaliyokwisha kuungua mara moja kwa moto wa tarehe.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Watu waliohubiri kwamba dunia inakwisha walijenga shule za matofali, zahanati na nyumba za walimu. Mpinzani atasema hiyo ni kinyume cha imani yao, au kwamba shule ilikuwa chambo. Labda ilikuwa hivyo pia. Lakini katika mahubiri mambo hayo mawili hayagongani, na hapo ndipo fani inapohitaji kusomwa kwa makini. Chukua hotuba inayopendwa sana kwenye makambi, mikutano ya kila mwaka ambayo familia nzima huhudhuria: ufafanuzi wa ndoto ya Nebukadreza katika kitabu cha Danieli. Mhubiri huanza na kichwa cha dhahabu, akashuka kwenye fedha, shaba na chuma, akafika kwenye nyayo za chuma na udongo. Kila hatua ni dola iliyokwisha kuanguka. Muundo wake ni wa mshuko, na msikilizaji hujikuta amesimama kwenye vidole vya miguu, jiwe likiwa bado halijagonga. Kwa watu waliozaliwa kwenye miteremko ya Manga, ambao jirani zao wa Tabaka hula jasho lao kwa kuchonga mawe, jiwe lisilochongwa na mkono wa mtu si taswira ya kigeni. Jambo la kuzingatia ni kwamba hotuba inasimama pale pale. Haisemi jiwe litagonga lini. Inamwacha msikilizaji kwenye vidole, kisha inamrudisha nyumbani Jumapili akalime.

Wimbo wa kwaya unafanya kazi hiyo hiyo kwa maneno machache zaidi. Sauti nne, miili imesimama karibu bila kutikisika (tofauti kabisa na ribina, ngoma ya wanawake ya kuomba mvua, ambamo mwili mzima ni neno), beti zinazosimulia, na kiitikio kinachoita. Taswira zake ni chache na zinarudiwa mno: safari, mlima, mto, lango, taji, nyumbani. Mhakiki wa ushairi wa maandishi atasema zimechakaa. Ni kweli zimechakaa, kama kishikio cha jembe kilivyochakaa. Aliyelishika hakukusudia kulitazama. Uhai wa wimbo haumo katika taswira bali katika namna unavyoutumia wakati wa Kiswahili. Neno karibu, kwa mfano, lina maana ya kutokuwa mbali na pia ndilo neno la kumpokea mgeni. Katika viitikio vingi maana hizo mbili hupishana mstari kwa mstari: mwisho uko karibu, nawe karibu. Hofu na ukarimu vinasemwa kwa neno moja. Msamiati wa kungoja nao unastahili tasnifu yake. Biblia ya Union Version ya 1952 ilipendelea saburi, neno la asili moja na subira. Lakini kwenye mimbari na katika nyimbo linalosikika zaidi ni kuvumilia na kustahimili, na hilo la pili lina asili moja na hamali, mpagazi wa mizigo. Asubiriye ameketi, astahimiliye ana kitu kichwani na anatembea.

Vivyo hivyo kwa neno kukesha. Kitabu cha ibada ya kila siku cha Waadventista kinaitwa Kesha la Asubuhi, na kesha pia ni usiku wa matanga. Si ajabu basi kwamba jukwaa kuu la nyimbo hizi, kuliko hata kanisa, ni kaburini. Mafundisho ya Wasabato ni kwamba wafu wamelala, hawajui neno, hadi ufufuo. Katika mapokeo ya Kigusii marehemu wanaweza kurudi kudai haki yao kwa walio hai, na kifo cha ghafla huuliza ni nani aliyekisababisha. Wimbo unaoimbwa huku udongo ukitiwa unasema amelala, naye ataamshwa. Kwa kusema hivyo unalifunga swali la nani, na katika nchi ya mashamba yaliyogawanywa hata yakawa vipande, ambako kila jirani ana mpaka wa kugombewa, kulifunga swali hilo si jambo dogo. Huu ndio utetezi wenye nguvu zaidi unaoweza kutolewa kwa nyimbo za tumaini: humnyima mfiwa mtu wa kumlaumu.

Orodha ya alama, na moto

Hata hivyo utanzu huu una udhaifu ambao mhakiki hana budi kuutaja, na hapa wahakiki wa mrengo wa yakinifu wanapaswa kupewa haki yao. Beti za alama za nyakati, zile zinazoorodhesha vita, njaa, magonjwa na mitetemeko, ndizo dhaifu kuliko zote. Mwaka 1992 nyumba za wakulima zilichomwa kwenye mpaka wa Borabu na Sotik, na watu wakafukuzwa. Ghasia zikarudi huko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Hayo yalikuwa na wapangaji, wafadhili na wanufaika. Yakiingia katika orodha ya alama yanakuwa vita tu, damu inayomwagika bila wa kuimwaga. Kitenzi kinapoteza mtendaji wake. Vile vile malaria iliyovamia nyanda hizo kwa milipuko katika miaka ya 1990 inakuwa tauni, si zahanati isiyokuwa na dawa. Kulinyima lawama shabaha kaburini ni hekima; kulinyima shabaha mbele ya uovu wa kisiasa ni kumsitiri mkosaji. Mbinu ni ile ile moja. Wimbo hautofautishi, na ni kazi ya uhakiki kutofautisha.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inaweza kusaidia hapa, japo imetoka dini nyingine na pwani ya mbali. (Waliohamishiwa Lamu mwaka 1921 walipelekwa katika visiwa vile vile vilivyoizaa tungo hiyo, waliotabiri kuanguka kwa dola wakaenda kuishi jirani na magofu ya Pate.) Mshairi yule naye anataka kuuonya moyo juu ya mwisho. Lakini haorodheshi, anakaa kwenye jumba moja hadi msomaji ajue taa ziliwekwa wapi na popo wamekaa wapi. Ushahidi wake ni mahali panapojulikana, kama ulivyokuwa ushahidi wa Sakawa kule Getembe. Nyimbo za Kisii zinazodumu akilini ni zile zilizojifunza jambo hili, zinazomtaja mama aliyeacha chai haijachumwa badala ya kutaja mataifa yanayoondokeana. Inashangaza pia kwamba wahakiki wanaovumilia, na hata kuusifu, ulimwengu uliovurugika wa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, wakitafuta falsafa katika kila kiza, hukosa subira ya dakika tano mbele ya kwaya inayosema juu ya maangamizi yale yale kwa watu wengi zaidi.

Kuna suala moja gumu kuliko orodha, nalo ni taswira ya moto. Katika nyimbo za mwisho moto ni wa lazima: unashuka, unateketeza waovu, unaisafisha dunia. Kwa msomaji wa mbali huo ni urithi wa Ufunuo tu. Lakini Kisii moto si sitiari tupu. Katika miaka ya 1990 watu walioshukiwa uchawi waliuawa kwa kuchomwa. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa katika tukio lililotangazwa duniani kote. Na Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma hiyo hiyo. Eneo hili limejaa makanisa, na haielekei kwamba wote waliobeba njiti walikuwa hawajawahi kukaa kwenye benchi la kanisa. Itakuwa uzushi kusema kwamba wimbo uliwatuma. Hakuna ushahidi wa namna hiyo, na mafundisho ya usingizi wa wafu, kama ilivyoonyeshwa, yanaelekea upande wa pili. Lakini itakuwa pia uzembe kuisoma taswira hiyo kana kwamba inaimbwa mahali pasipojulikana harufu yake.

Swali la kuuliza katika kila wimbo ni moto unamwangukia nani. Zipo tungo ambamo nafsi ya kwanza ndiyo iliyo hatarini: mimi niliyechelewa, sisi tuliolala taa zikiwa hazina mafuta, kama wale wanawali wa mfano. Humo mwovu hana anwani nje ya mwimbaji. Zipo nyingine ambamo mwovu ni Babeli, mnyama, dola ya mbali; hizo zina ubaya wake, hasa kwa waumini wa makanisa mengine wanaojikuta wamewekwa humo, lakini walau umbali upo. Na zipo za tatu, ambamo waovu ni wao, wale wanaoishi nasi, wanaotucheka, wanaofanya mambo gizani. Kiwakilishi wao, kikiimbwa katika kijiji ambacho kila mtu anajua minong'ono inamhusu bibi yupi, si kiwakilishi kitupu. Kwa kigezo cha ujumi peke yake aina ya tatu inaweza hata kuwa na nguvu kuliko ya kwanza, kwani ina mgogoro na ina wahusika. Uhakiki unaoridhika na nguvu hiyo utakuwa umehesabu mishororo na kuwasahau watu.

Inaweza kudhaniwa kwamba mapokeo yenyewe yatachuja. Kuhusu tarehe, yanachuja kweli. Wimbo unaotaja mwaka hauimbiki mwaka huo ukipita. 1 Januari 2000 ilipopambazuka na wakulima wa Nyamira wakaenda kuchuma chai, kila tungo iliyokuwa imeufunga mwisho kwenye mwaka huo ilikufa siku hiyo, bila kuhitaji mhakiki wala askofu. Kwa njia hiyo kila kizazi cha kwaya kinarithi nyimbo zisizo na tarehe na kuzidhani kuwa ndizo pekee zilizowahi kutungwa. Saburi yao, kwa sehemu fulani, ni kazi ya usahaulifu. Lakini kiwakilishi wao hakina mwaka wa kupitwa nao. Wimbo wa aina ya tatu, ukishatoka kwenye kesha na kuingia kwenye kanda, na baadaye kwenye simu, unaweza kusikilizwa popote na wakati wowote, hata bila kaburi mbele yake wala wazee wa kwaya wa kuuliza ubeti ule ulikusudia akina nani.